Likizo Nilichukua, Uchovu Haukuondoka

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Makorora hapa Tanga, nami nimeajiriwa katika kampuni ya uwakala wa forodha inayowatolea wateja mizigo bandarini. Tangu meli zilipoanza kufunga gatini badala ya kupakuliwa kwa matishari, kazi imeongezeka mno, nasi makarani tumebaki walewale. Naingia ofisini saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, kisha ujumbe wa kundi la WhatsApp la ofisi huendelea hadi saa 5 usiku, na asiyejibu huulizwa kesho yake mbele ya wenzake. Zamani niliipenda kazi hii. Siku hizi mteja akiniuliza mzigo wake umefikia wapi, namjibu kwa kejeli, na juzi nilisoma hati moja mara tatu nisijue nimesoma nini. Nilichukua likizo ya wiki 2 nikaenda kwa wazazi Pangani, lakini simu niliibeba na nyaraka nikawa nazituma hukohuko. Niliporejea kazini, haukupita muda nikawa kama sikupumzika kabisa. Mama yangu anasema nimepigwa jicho, mume wangu anasema ni uvivu. Je, huu ni ugonjwa? Na nitapona vipi bila kuacha kazi?
Karani, Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na neno la mumeo, kwa kuwa ndilo litakalokukaa moyoni ukilinyamazia. Mvivu hukwepa kazi tangu mwanzo, wala hakosi usingizi kwa sababu kazi yake imeharibika. Wewe uliipenda kazi, ukaifanya ipasavyo, na sasa unaumia kwa kuwa huiwezi kama ulivyoiweza. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika juu ya hali hii huko Marekani mwaka 1974 baada ya kuwaona wahudumu wa kujitolea katika zahanati za bure wakiishiwa nguvu na moyo, alieleza kwamba waliojitoa zaidi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Msomee mumeo sentensi hiyo, kisha umuulize kwa upole ni nani anayepika, kufua na kuwaogesha watoto ukirudi saa 11 jioni, maana barua yako haikusema, nami nina shaka na jibu lake.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linauita uchovu huu hali inayotokana na msongo wa muda mrefu wa kazini usiodhibitiwa, na haliuhesabu kuwa ugonjwa, ingawa linakiri kwamba unaweza kumfikisha mtu hospitalini. Dalili zake ni tatu, nazo zote zimo katika barua yako: kuishiwa nguvu, ndiyo maana likizo haikukutosha, kuichukia kazi na kuwatenga wanaohusika nayo, ndiyo kejeli unayomjibu mteja, na kupungua kwa uwezo wa kuitenda kazi, ndiyo ile hati uliyoisoma mara tatu.

Hata hivyo usijipimie mwenyewe kwa kusoma ukurasa huu. Upungufu wa damu, kisukari, hitilafu ya tezi ya shingo na sonona huweza kuja na uchovu wa namna hiyohiyo, na vipimo vya damu vinaweza kuondoa mashaka mengi. Sonona ina tabia ya kumfuata mtu hata pale ambapo kazi haipo: chakula hakina ladha, vicheko vya watoto havimfurahishi, na maisha yenyewe yanaonekana mzigo. Ukijikuta hapo, na hasa ukijiwa na fikra za kujidhuru, nenda Hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Dua ya mama yako ipokee kwa mikono miwili, kwani ni ya mapenzi. Mwombe tu isichukue nafasi ya daktari.

Sasa tuje kwenye likizo, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Hukupumzika Pangani. Ulihamisha ofisi ukaipeleka Pangani. Wanaotafiti mapumziko wanakubaliana kwamba kinachomrudishia mtu nguvu ni akili kuachana na kazi, siyo mwili tu kutokuwa ofisini, kwa hiyo anayekaa barazani huku anasubiri simu iite bado yumo kazini. Wazee wetu wa Ngamiani waliokuwa wakifunga duka adhuhuri, wakala, wakajilaza mpaka alasiri, hawakuwa na nadharia yoyote, lakini mlango ulipofungwa ulikuwa umefungwa kweli. Watu husema "Tanga raha" kana kwamba hapa hakuna anayechoka. Raha ile ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo simu imeuvunja bila mtu yeyote kuulizwa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ukiondoa saa moja ya chakula, unafanya kazi saa 54 kwa wiki kabla hatujaigusa simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa 9 zinazozidi ni za ziada, ambazo zinahitaji makubaliano na malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na jumla yake haipaswi kuzidi 50 katika wiki 4. Tukikadiria kwamba kundi lile linakula saa 2 kila usiku wa siku ya kazi, ziada yako inafika 21 kwa wiki, yaani 84 kwa wiki 4. Sheria hiyohiyo inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kutoka saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi ni saa 8, na humo ndimo unamolala. Mwajiri wako anaweza kusema kwamba kujibu ujumbe si kazi. Kwa maoni yangu, jambo ambalo mtu anasutwa kwa kutolifanya ni kazi.

Sikupi hesabu hizi ili ukagombane. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo duniani katika mwaka 2016 pekee. Wewe na simu yako mmeshafika 66.

Ndiyo maana sikushauri uchukue likizo nyingine kama ile. Haki yako ni siku 28 kwa mwaka, nawe ukizitaka zilizobaki, zichukue. Lakini nafuu ya likizo hufifia ndani ya wiki chache pale mtu anaporudi kwenye kazi ileile iliyopangwa vilevile. Christina Maslach na Michael Leiter, waliochunguza uchovu huu wa kazini kwa miaka mingi, wanasema wingi wa kazi ni sababu moja tu. Zipo pia kukosa usemi juu ya kazi yako, kukosa kuthaminiwa na kutotendewa haki. Kwako naona lile la kuulizwa mbele ya wenzako linauma kuliko wingi wa makasha.

Kwa hiyo zungumza kwanza na makarani wenzako, kisha mwende pamoja kwa meneja, asubuhi, kabla simu hazijaanza. Pelekeni pendekezo, siyo malalamiko: kwamba usiku mmoja awe zamu karani mmoja, saa zake ziandikwe na kulipwa, na wengine wazime; na kwamba aliye likizoni aondolewe kwenye kundi mpaka arudi. Meneja mwenye busara atakubali, kwa sababu kosa moja kwenye nyaraka hukwamisha mzigo, na gharama za kuuhifadhi bandarini anazijua kuliko mimi. Akikataa katakata, afisa kazi wa mkoa yupo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo. Wakati huo lala saa 7 kwa uchache, na simu ilale chumba kingine.

SWALI: Bibi, shikamoo. Nyie mnaandika likizo na sheria; mimi ni mama lishe karibu na stendi ya Kange, naamka saa 10 alfajiri kila siku, hata sikukuu. Nikipumzika, watoto watakula nini? Na mchumia juani si hulia kivulini?
Mama lishe, Kange

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umenikamata vizuri. Sheria niliyoitaja inamlinda aliyeajiriwa, wewe haikugusi. Lakini methali uliyoileta inamwahidi mchumaji kivuli, nawe hujanitajia hata siku moja unayokaa kivulini.

Andika mauzo yako kwa mwezi mmoja, siku kwa siku, ukitoa mkaa, unga na mafuta. Mara nyingi ipo siku moja katika wiki ambayo faida yake haifikii hata jasho lake. Hiyo ndiyo ya kufunga, na kila siku nyingine uweke kando kiasi kidogo cha kufidia faida hiyo, kiasi ambacho mchezo wa kina mama umeshakufundisha kukiweka. Ukiogopa wateja watahama, patana na jirani yako wa banda la pili: siku yako awahudumie yeye, siku yake uwahudumie wewe. Wasafiri hawatajua, na madereva mtawaambia mapema.