Nambari Saba Iliyokatwa Pambizo

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: je, picha iliyochapwa, yenye ndugu zake wengine wanaofanana nayo, ni mali ya kurithisha watoto, au mali ni picha asili peke yake? Nilidhani nitalijibu kwa mistari mitatu na kurudi jikoni. Nimezaliwa mtaa wa Mkomani, nimeolewa mtaa wa Langoni, nimestaafu ukarani, na katika nyumba yangu hakuna picha asili hata moja ya mchoraji yeyote. Zipo chapa kumi na moja, zote za mtu mmoja, zote za mji huu wa Lamu. Kwa hiyo jibu lilikuwa tayari mdomoni: chapa ni mali, na hizo nambari zinazoandikwa kwa penseli chini yake ni mapambo ya kuwafurahisha watu wa mnada. Mimi sinunui nambari, nanunua mtaa.

Kwanza niwaondolee shaka wanaodhani kwamba chapa ni fotokopi. Mchoraji ninayemzungumzia, jirani yetu ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa hakunituma, huchora kwa rangi za maji picha ambazo bei yake ni ya wageni, na huchonga chapa ambazo bei yake ni yetu. Kazi huanza na kipande cha linoliamu, jamii ya ile ya kutandika sakafuni, ambacho hukichonga kwa patasi ndogo: panapochongwa hubaki peupe, panapoachwa ndipo panaposhika wino. Hupitisha rola yenye wino, akalaza karatasi juu yake, akaisugua kwa mgongo wa mwiko hadi wino uingie sawasawa, kisha akaibandua na kuanika. Huirudia kazi hiyo mara arobaini, na hakuna mara mbili zinazotoka sawa kabisa, kwa maana mkono huchoka, na hewa ya kusi haikaushi wino kama ya kaskazi. Tena linoliamu huchongwa kinyume, kama uso ulio katika kioo. Mtu atokaye Langoni kuelekea Mkomani kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, huwa na bahari mkono wa kulia na mlima mkono wa kushoto. Mchongaji sharti auwaze mji wote umegeuka, bahari iwe kushoto, ili karatasi ikibanduliwa kila kitu kirudi mahali pake. Hakuna picha asili iliyofichwa kabatini ambayo hizo arobaini ni vivuli vyake. Hizo arobaini ndizo asili. Zile nyingine, za picha ya rangi iliyopigwa skana na kutolewa kwa printa, ni habari mbali, na hapo swali lenu lina haki yake.

Ninampenda mchoraji huyu kwa sababu ya vitu asivyoviondoa. Picha nyingi za Lamu zinazouzwa pwani zina jahazi, punda, mlango wa nakshi na jua linalozama baharini mbele ya gati, ilhali mji wetu umeelekea mashariki, na jua huchomoza upande wa kisiwa cha Manda likazama nyuma ya migongo yetu. Jirani yangu huziacha nyaya za umeme zivuke kichochoro, mabomba ya maji yapande ukutani, madumu yapangwe dakani, kwenye kibaraza cha mlango, na chokaa ibanduke pale ilipobanduka. Ngome hakuichonga hata mara moja, nami namshukuru. Wageni huipenda, na kweli ni jengo kubwa, lilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821; lakini lilikuwa jela hadi mwaka 1984, na mama yangu, aliyewahi kupeleka chakula pale kwa ajili ya jamaa, aliponiona siku moja nikiitazama picha yake dukani, aliniuliza ni nani atundikaye jela sebuleni.

Mwaka 2016 nilinunua chapa ya kichochoro kimoja cha Mkomani chenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Ilikuwa nambari 7 kati ya 40, bei yake shilingi 3,500, nami nikamwambia mume wangu kuwa ni 2,000. (Atasoma hapa, yamepita.) Mama alivaa miwani, akaiweka picha mapajani, akaufuata ukuta kwa kidole bila kuugusa wino. Alianza na bahari. "Hiyo ndia ya kushukia pwani iko kuume kweli," akasema, kana kwamba alitegemea kumkuta mchoraji amekosea. Akahesabu vipandio vya daka, akakuta vitatu, akasema sawa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, kwamba aliyechora ni mwanamume, hata asingeambiwa angejua, kwa sababu wikio limetazamwa kutoka chini. Yeye wikio lile alilijua kwa ndani. Katika ujana wake alilivuka kwenda kwa shangazi yake bila kukanyaga njia, na kutoka dirishani humo aliviona vichwa vya watu, vilemba na kofia, wala hakuwahi kuziona nyuso zao. Mchoraji amechora nyuso za dirisha, mama alikuwa nyuma ya dirisha. Tulikaa na karatasi ile hadi adhana ya alasiri.

Kosa langu ni kuitaka iwe na fremu. Niliipeleka kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Fundi ajuaye kazi yake hutengeneza fremu ifuate picha. Huyu alikuwa na fremu nzuri ya mti mweusi iliyobaki kwa mteja mwingine, ndogo kuliko karatasi yangu kwa vidole vitatu, akaamua picha ndiyo ifuate fremu. Akachukua wembe na rula, akazikata pambizo zote nne hadi kwenye ukingo wa wino, akaibandika kwa tepu gundi juu ya kadibodi. Nilipokwenda kuichukua ilikuwa inang'aa. Nilimlipa, nikamshukuru, nikashika njia. Nilipofika penye uwazi, penye mwanga, ndipo nilipoinamia kioo kuitafuta ile penseli, nikaona ukingo wa wino umegusana na ukingo wa mti, na katikati yao hapana kitu.

Nikarudi. Fundi alinieleza kwa uso mkunjufu kwamba karatasi nyeupe iliyozidi ameniondolea bure. Nikamwuliza iko wapi. Akanionyesha kapu. Nilipiga magoti, mimi mwenye buibui safi, nikapekua kapu la vumbi la mbao, vipande vya kadibodi na maganda ya njugu, mpaka mwanafunzi wake aliponihurumia na kuniambia kwamba taka za jana zilikwisha kubebwa na punda asubuhi. Vipande vile vyembamba vinne, na katika kimoja chao sahihi, mwaka, na 7/40, vilikuwa vimeondoka mjini kwa mgongo wa punda kama maganda ya muhogo. Kwa siku tatu sikutaka kuiona ile fremu; niliigeuza ikatazama ukuta. Sasa nikiyaandika haya naona aibu kidogo kwa aya yangu ya kwanza, kwa maana mtu anayenunua mtaa tu, asiyejali nambari, hapekui kapu la fundi.

Siku ya nne nilimwendea mchoraji. Alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, nami nikamwomba aandike upya nambari na sahihi, hata kama ni kwenye kadibodi. Alikataa kwa upole. "Dada yangu," alisema, "nikiandika saba ya pili, yule aliye na nane atajuaje kwamba hakuna nane mbili?" Akaingia ndani, akatoka na daftari la hesabu, lile la mistari myekundu tulilolitumia sote shuleni. Kila chapa ina ukurasa wake, na kila nambari mstari wake: jina, tarehe, mahali. Akautafuta mstari wangu, akaongeza maneno matatu mbele ya jina langu, "pambizo zake zimekatwa", akaniachia daftari nijisomee naye akaenda kuongeza kahawa.

Naliisoma orodha ile kama mtu asomavyo majina ya wasafiri. Nambari 1 hadi 5 zilichukuliwa na mnunuzi mmoja wa Nairobi. Nyingine Ujerumani, nyingine Italia, mbili London, moja Cape Town, tena Ujerumani. Katika 33 zilizokuwa zimeuzwa, sita tu zilibaki kisiwani, na mbili za hizo sita zilikuwa katika nyumba za kulaza wageni kijijini Shela. Zilibaki nne katika nyumba za watu wa hapa, na moja ya hizo nne ni yangu isiyo na nambari.

Tangu tamasha la wachoraji lianze Shela mwaka 2011 tumezoea kuchorwa. Mgeni huketi na rangi zake penye kona, watoto wakamzunguka, wazee wakasahihisha umbo la msikiti. Kuchorwa tumezoea, kununua bado. Tumezoea pia kuona nyumba za mawe zikipata wenyewe wa mbali, lakini nyumba haiondoki kisiwani, mwenye nyumba ndiye huondoka. Chapa ni kinyume chake: kichochoro chenyewe kimekaa, na sura yake imeondoka. Mji Mkongwe wa Lamu uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na zipo taratibu za nani aruhusiwe kugusa ukuta upi. Karatasi zenye sura za kuta hizo hazina anayezihesabu isipokuwa jirani yangu na daftari lake, naye huzihesabu kwa nambari zile zile nilizoziita mapambo. Sikuinuka pale barazani kabla ya kununua nambari 31. Bei ilikuwa imepanda hadi 6,000, na safari hii sikumdanganya mume wangu, sikumwambia kabisa.

Sitaki nieleweke kana kwamba nawalaumu wageni. Wasingenunua wao, jirani yangu angeacha patasi zamani akaenda kubeba abiria kwa boti, na mimi nisingekuwa na cha kukusanya. Wala simshauri mwenye watoto wa kulipia karo anunue picha. Lakini wapo kati yetu wanaotoa fedha nyingi zaidi ya hizo kwa saa ya ukutani yenye maua ya plastiki, na hao ndio ninaowaandikia.

Kwa wanaotaka kuanza, tahadhari moja tu: adui wa chapa hapa kwetu ni ukuta, hata kuliko fundi. Mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa polepole kwa miezi, na karatasi iliyogusana na ukuta wa nje hupata madoa ya hudhurungi ambayo hayatoki. Katika kumi na moja zangu, mbili zimekwisha kuugua hivyo. Tundika kwenye ukuta wa ndani, bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite, usiruhusu kioo kigusane na wino, na ukiiona tepu gundi mkononi mwa fundi, ondoka na picha yako.

Basi, Mhariri, mnataka jibu. Chapa ni mali ya kurithisha, na hilo sijalibadilisha. Nambari ina maana, na hilo nimelibadilisha, ingawa si kwa sababu ya bei, kwa kuwa sijamwona mtu wa Lamu aliyetajirika kwa kuuza chapa, na kama yupo asiniambie. Mkiniuliza ni ipi kati ya mbili zangu nitakayomwachia binti yangu, sheria ya daftari inasema 31. Lakini binti yangu hakuniomba hiyo. Ameomba ile iliyokatwa, kwa sababu ndiyo aliyoiona ukutani tangu akiwa msichana, na ndiyo ambayo bibi yake huigeukia kila ajapo, akahesabu vipandio vitatu, akaketi. Hiyo 31 imo katika kasha, imelazwa kati ya karatasi mbili nyeupe, haina fremu. Mama ameniuliza mara mbili nitaitundika lini. Nimemwambia tungoje kusi ipite, naye akaniuliza ni kusi ya mwaka gani.