Kocha akitolewa, hata jukwaani haruhusiwi

Mmeuliza kama kocha aliyetolewa anaweza kuelekeza timu yake akiwa jukwaani. Hapana. Kocha wa besiboli ya sekondari Marekani akitolewa na mwamuzi hawezi kuhamia jukwaani akaendelea kuelekeza timu. Kanuni za NFHS, shirikisho linaloandika sheria za michezo ya sekondari kule, zinamtaka aondoke eneo la uwanja mara moja na asiwasiliane na timu kwa njia yoyote, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, hadi mechi iishe. Kwa hiyo kumpigia simu msaidizi wake akiwa ndani ya gari pale maegesho, au kumtuma mzazi na kikaratasi, ni kosa vilevile. Anaweza kurudi tu akiitwa kumhudumia mchezaji aliyeumia au kuugua.

Nadhani mnachanganya na MLB, ligi kuu ya besiboli ya kulipwa Marekani. Huko kanuni ya 6.04(d) inamruhusu abadili nguo akae jukwaani, mradi awe mbali na benchi lake. (Bobby Valentine, kocha wa timu ya Mets, mwaka 1999 alitolewa kisha akarudi benchini na masharubu bandia, akala faini ya dola 5,000 na kufungiwa mechi 2. Watu wazima hao!)

Ila kutolewa si sawa na kuzuiliwa benchini. Kwa kosa dogo mwamuzi anaweza kuanza na onyo la maandishi. Kocha akirudia, haruhusiwi kutoka benchini, lakini bado anaongoza timu. Adhabu ya mechi zinazofuata hupangwa na chama cha jimbo husika, hivyo ya Texas usiipeleke Ohio.