Machela yangu inashuka usiku: niitundike kwa mikanda gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua machela ya kulalia kambini, ile ya kitambaa ambayo ncha zake zimekusanywa pamoja, haina vijiti. Urefu wake ni mita 3.3. Ilikuja bila kamba, kwa hiyo naifunga kwa kamba ya plastiki nene kama kidole kidogo. Jioni nikipanda niko juu vizuri, alfajiri makalio yanakaribia ardhi na mgongo umepinda kama ndizi. Nikiikaza zaidi, mabega yanabanwa na bado inashuka. Nina kilo 82, na safari zangu ni za miguu, siku mbili au tatu na mzigo mgongoni, hivyo sipendi kubeba vyuma. Naona wenzangu wengine wana mikanda yenye vitanzi vingi, wengine mikanda ya bizimu, wengine vikamba vyembamba kama vya viatu. Kipi kinanifaa? Na kamba yangu niitupe?

JIBU: Marahaba. Umeuliza aina ya kamba, lakini kinachokuumiza mgongo ni pembe ya mkanda unaposhuka kutoka mtini. Hiyo kamba ya plastiki kweli haifai, nitaifikia. Ila hata ukinunua mikanda ya bei kuliko machela yenyewe, ukiivuta ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo utaamka na mgongo uleule.

Tufanye hesabu kidogo. Wewe, nguo zako na blanketi, tuseme kilo 90. Mkanda ukishuka kwa nyuzi 30 kutoka kwenye usawa, kila upande unavutwa kwa nguvu ya kilo 90. Wengi hudhani ni nusu, kilo 45, kwa kuwa miti ni miwili. Ingekuwa hivyo kama mikanda ingening'inia wima. Ikaze hadi nyuzi 15, kila upande unabeba kilo 174 hivi. Nyuzi 10, kilo 259. Nyuzi 5, ambapo kwa macho imenyooka kabisa, unapita kilo 500 kila upande, na hapo umelala tu, hujajigeuza wala hujajitupa ndani kama watoto. Sasa unaona kwa nini ulipoikaza zaidi haikuacha kushuka: uliiongezea kamba mzigo mara mbili au tatu, nayo ikazidi kurefuka na mafundo yakazidi kuteleza. Mabega nayo yanabanwa kwa sababu kitambaa kilichovutwa kwenye ncha hujifunga kama ganda la mbegu.

Kwa hiyo shika nyuzi 30. Huhitaji kipimo cha seremala. Kwa kila mita moja unayosogea kutoka mtini kuelekea machela, mkanda ushuke sentimita 58. Kujua ufunge juu kiasi gani, pima umbali wa mti hadi mti, zidisha kwa 0.29, halafu ongeza sentimita 45 ambazo ni kimo cha kiti cha kawaida. Miti iliyoachana mita 4 inataka mkanda ukae mita 1.6 kutoka chini. Mita 5, inakuwa 1.9. Mita 6, karibu 2.2, na hapo mtu wa kimo cha wastani anaanza kusimama kwa vidole. Mimi nikikuta miti ya mita 6 natafuta mingine.

Kuna kamba moja ndogo ambayo ingekuondolea nusu ya taabu hii, nayo hukuiuliza. Ni kamba isiyorefuka inayotoka ncha moja ya machela hadi ncha ya pili, ikipita juu yako kama mwamba wa paa. Mimi huiita hivyohivyo, kamba ya mwamba. Kazi yake ni kuamua machela ibonyee kiasi gani, bila kujali miti iko wapi. Urefu unaozoeleka ni asilimia 83 ya urefu wa machela, kwa hiyo yako ya mita 3.3 inataka kamba ya mita 2.74. Anzia hapo, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo mpaka mgongo wako ukubali. Ukishapata kipimo usikiguse tena. Ukiwa umelala, ibinye kamba hiyo kwa vidole viwili. Inatakiwa ikubali kupinda kidogo. Ikilia kama uzi wa zeze, mikanda yako imekazwa mno: shuka, ilegeze. Na lala mshazari, miguu upande mmoja wa mstari wa katikati na kichwa upande wa pili. Ile ndizi inakuja kwa kulala sambamba na mstari, na hakuna mkanda utakaoitibu.

Sasa nije kwenye ulichouliza.

Mikanda ya vitanzi vingi ni ile iliyoshonwa vitanzi kimoja baada ya kingine kutoka mwanzo hadi mwisho. Unazungusha mtini, unapachika karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa kujifunga, kwenye kitanzi kinachofaa, umemaliza. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuitumia gizani. Ubaya wake ni kwamba unarekebisha kwa hatua: kitanzi hiki kiko chini, kinachofuata kiko juu mno, na wewe ulitaka katikati. Tena mishono yote ile ni uzito unaoubeba mgongoni. Kwa mtu anayefika kambini kwa gari ningesema chukua hiyo tusisumbuane. Wewe unatembea.

Vile vikamba vyembamba ulivyoviona ni vya nyuzi za polithilini za nguvu, nyingi huuzwa kwa jina la Dyneema. Kikamba cha milimita 2.8 hakikatiki mpaka kivutwe kwa zaidi ya kilo 600, na uzito wake hauhisiwi mkononi. Kimesukwa kikiwa na uwazi ndani, hivyo mafundi hukipitisha ndani ya kijitumbo chake chenyewe na kupata kitanzi kinachorefuka na kufupika. Ukikivuta kwa mzigo, msuko wa nje unakikaba cha ndani na hakitoki. Hakuna fundo hata moja, na ndiyo siri ya nguvu yake, maana fundo linaweza kuila kamba karibu nusu ya uwezo wake. Ni kifaa kizuri, nakipenda. Lakini kina masharti. Hakifupiki kupita kile kipande kilichozikwa ndani, kwa hiyo miti ikikaribiana unakwama. Kinateleza sana, kwa hiyo fundo la kawaida utakalolipiga juu yake litafunguka lenyewe usiku. Joto la nyuzi 150 hivi linakiyeyusha, basi kaa mbali na cheche za moto. Na kamwe kisizungushwe mtini chenyewe, kinakata gome kama waya, hivyo bado utahitaji mkanda mfupi wa kushika mti.

Mikanda ya bizimu ndiyo ningekupa wewe. Bizimu dogo la chuma chepesi linakaa kwenye ncha ya machela, mkanda mmoja unazunguka mti, unarudi, unapita kwenye bizimu, unauvuta mpaka unapotaka. Sentimita moja juu, sentimita mbili chini, sekunde tano. Miti ikiwa mita 3.5 unafanya kazi, ikiwa mita 5.5 unafanya kazi. Ulisema hupendi kubeba vyuma, nami nakuelewa, ila mabizimu mawili ya aina hiyo ni mepesi kuliko ile kamba ya plastiki unayobeba sasa. La kuangalia ni kuteleza. Mkanda mpya ulio mwembamba na laini unaweza kupita polepole kwenye bizimu, kwa hiyo baada ya kukaza piga fundo la kuchomoa kwa mkia wa mkanda, nyuma tu ya bizimu. Asubuhi unalivuta linafunguka.

Urefu wa mkanda? Mti wa kipenyo cha sentimita 30 unakula karibu mita moja kuuzunguka tu. Kwa miti iliyoachana mita 6, machela yako yenye kamba ya mwamba ya mita 2.74 inaacha karibu mita 1.9 za mkanda kila upande. Jumla ni mita 2.9 kasoro, bila mkia wa kushika. Nunua wa mita 3.5 na utalala karibu popote. Watu hununua wa mita 2 kwa kuona bei, halafu wanatumia siku nzima wakitafuta miti miwili mapacha.

Kitu ambacho sitakubali tubishane ni malighafi. Chukua poliesta. Nailoni hurefuka ikivutwa, na ikinywa maji hurefuka zaidi. Niliwahi kulala kwenye mikanda ya nailoni usiku wa mvua, nikiwa nimejipima vizuri kabisa jioni, na saa tisa usiku nikaamshwa na ubaridi wa tope kwenye kiuno. Poliesta haifanyi hivyo, inarefuka kidogo sana na mvua haiisumbui. Upana usipungue sentimita 2.5. Chini ya gome la mti ndimo inamopita njia ya chakula chake, na mkanda mwembamba huibonda. Gome likiwa laini au wewe ukiwa mzito zaidi, nenda sentimita 4 au 5.

Ukisoma lebo, tofautisha mzigo wa kukatikia, yaani unaoukata mkanda, na mzigo wa kufanyia kazi, yaani unaoruhusiwa kuubeba. Kama wameandika wa kukatikia, gawanya kwa 5. Kwa nyuzi 30 unahitaji kilo 90 kila upande, kwa hiyo mkanda ukatikie si chini ya kilo 450. Kwa nyuzi 15 ungehitaji wa kilo 870. Ukitumia karabina, iwe na alama ya kilonewtoni (kN, kipimo cha nguvu) iliyochongwa kwenye mwili wake. 12 zinatosha na kubaki, kwani ni karibu kilo 1,200. Zile za kuning'iniza funguo waachie wenye funguo.

Wapo wanaoacha karabina na kutumia kijiti: wanapiga fundo kwenye mkanda, wanalitia kijiti, kisha wananing'iniza kitanzi cha machela hapo. Njia safi, ila kitanzi kikae juu ya mkanda nyuma ya fundo, kisikae kwenye kijiti. Nimeona wengi wakiweka kwenye kijiti, na kijiti kikivunjika ni wewe unayekwenda chini.

Miti yenyewe iwe hai, unene usiopungua sentimita 15, na kabla ya kufunga chochote tazama juu. Tawi kavu lililokwama huko linasubiri upepo tu. Hilo ni muhimu kuliko yote niliyoandika kuhusu mabizimu. Mvua nayo hutembea kwenye mkanda kutoka mtini mpaka kitandani kwako, kwa hiyo funga kipande cha uzi wa pamba kwenye mkanda, kabla haujafika kwenye machela, kining'inie. Maji yatashuka hapo.

Siku ya kwanza kaa ndani ukiwa umeketi kwa dakika kama kumi, mafundo na mikanda vijipange, kisha shuka urekebishe mara moja. Baada ya hapo mikanda ya poliesta haitakudai tena usiku kucha.

Kamba yako ya plastiki, ikiwa ni ile nyepesi inayoelea majini, ina tabia ya kurefuka taratibu kadiri mzigo unavyokaa juu yake, hata mzigo usipoongezeka. Ndiyo maana jioni ulikuwa juu na alfajiri chini. Jua pia linaila, inaanza kuchanika nyuzi za juu na kuwa kama manyoya. Usiitupe kama bado ni nzima. Ikate vipande vya kufungia turubai, kuning'iniza begi lisiguse chini, kuanikia soksi. Chochote ambacho kikianguka hakitaumia.