F ya Hisabati na ndoto ya uhasibu

Mdogo wangu wa Pongwe, nimekuelewa: kidato cha sita umefaulu, ila F ya Hisabati ya kidato cha nne inakuzibia uhasibu. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, usome sifa za kozi chuo kwa chuo. Zinatofautiana, achana na maneno ya kijiweni.

Mimi nilirudia Hisabati peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma usiku baada ya kufunga duka Ngamiani. Nikapata D, ikatosha. Mtihani ni Novemba, lakini usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani) huanza mapema; ukichelewa, unalipa faini.

Au pitia stashahada, umalize na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenda juu. Ila kaiulize kwanza ofisi ya udahili kama bado watadai Hisabati. Na anayejidai "atakupenyeza" kwa hela, mkimbie.