Iachie sauti ya redio yako nafasi juu

Kwa muda mrefu niliilaumu antena. Jioni nikisikiliza FT8, njia ya redio ya ridhaa ya kutumiana ujumbe mfupi wa kidijiti unaosomwa na kompyuta, kila kilipoingia kituo chenye nguvu, vituo dhaifu nilivyokuwa nikivisoma vilipotea. Kwenye skrini palikuwa na mstari mnene kwenye hezi 700, na mwingine hafifu kwenye hezi 2100, yote miwili ikiwaka na kuzimika pamoja. Nilidhani ni vituo viwili. Kumbe 700 mara tatu ni 2100. Mstari wa pili ulizaliwa kwangu mwenyewe: sauti iliyotoka redioni ilikuwa kubwa kuliko kadi ya sauti ya kompyuta inavyoweza kubeba, mawimbi yakakatwa vichwa. Wimbi likikatwa juu na chini sawasawa huzaa masafa mapya, mara tatu na mara tano ya lile la asili.

Nilikuwa nimechomeka waya kutoka tundu la spika hadi tundu la maikrofoni. Wati 1 kwenye spika ya omu 8 ni karibu volti 2.8, ilhali maikrofoni hutarajiwa kuleta milivolti tu. Kama redio yako ina tundu la nyuma lenye sauti isiyofuata kitufe cha kuongezea sauti, tumia hilo. Kama haina, rezista ya kiloomu 10 na nyingine ya kiloomu 1 zitaigawa volteji kwa 11, yaani kuipunguza kwa takriban desibeli 21.

Kisha pima band, yaani masafa unayosikiliza, ikiwa tulivu, kelele tupu bila kituo. Kwenye WSJT-X, programu inayosoma FT8, kipimo cha sauti kikae karibu na desibeli 30. Najua kinaonekana kidogo, na mkono unawasha kukipandisha. Usikipandishe. Kwenye kipimo cha S cha redio, kinachoonyesha nguvu ya kituo, kutoka S5 hadi S9 ni desibeli 24, na kuna vituo vinavyopita S9 kwa mbali. Nafasi hiyo ya juu ni yao.

Kwa masikio jambo ni lile lile. Mtu anapoongea, vilele vya sauti yake hupita wastani kwa desibeli 10 au zaidi, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Ukisikiliza kwa wastani wa wati 0.3, vilele vinadai wati 3, na redio nyingi ndogo haziwezi kuzitoa bila kukwaruza. Mimi huongeza spika kubwa kabla ya kuongeza sauti.

Ukiona mstari wa kivuli kama ule wangu wa hezi 2100, punguza sauti kwenye redio yenyewe au kwenye waya. Kupunguza ndani ya kompyuta mara nyingine hakusaidii, maana wimbi limeshakatwa mlangoni. Kivuli kikitoweka, kilikuwa chako. Kikishuka tu kwa kiasi kile kile na mistari mingine, huenda anayerusha ndiye aliyezidisha sauti upande wake, na ni vizuri umjulishe kwa upole.