Kusimamisha picha ya manila bila fremu

Picha ya manila uliyoiegemeza kwa mguu mmoja wa nyuma inalala chali kwa sababu mguu huo hautoshi. Ikunje iwe pembetatu. Chukua manila ya A4, gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba (ya 160 italegea tu), ukate sm 15 kwa 28. Piga mistari kwenye sm 10, 20 na 26: mbele, mgongo, kitako, na ulimi wa sm 2 unaogandishwa nyuma ya ukingo wa chini wa picha. Kichwa cha picha kiangalie mkunjo wa kwanza.

Usikunje kavukavu. Bana rula, pitisha kalamu iliyoisha wino upande wenye picha, kisha kunja kwenda nyuma, uvimbe wa mstari ubaki ndani. Wino ukipasuka na kuacha michirizi myeupe, ujue umekunja kukatiza nyuzi za karatasi, na A4 nyingi nyuzi zake huenda kwa urefu. Ndiyo maana ni vizuri kuacha mm 3 bila rangi kila upande wa mkunjo.

Gundi ya maji hukunjamanisha. Tumia selotepu ya pande mbili. Ikiyumba, kitako hakijakatwa kwa pembe mraba.