Je, udi wa chupa ni udi kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, bibi yangu, mzaliwa wa Lamu, hufukiza nguo zake kwa vipande vya udi juu ya chetezo. Juzi nilinunua Eastleigh manukato ya kupuliza yaliyoandikwa "udi", lakini yeye ameapa kwamba humo hamna udi. Je, nimeuziwa bandia? — Msomaji, South C, Nairobi.

JIBU: Dada, si lazima uwe umepunjwa, ingawa pua ya bibi ni ya kuaminiwa. Udi anaoujua yeye hutokana na miti ya Aquilaria ya Asia, ambayo ikijeruhiwa na kushambuliwa na kuvu hujaza utomvu mweusi wenye harufu ndani ya shina. Na kwa kuwa si kila mti huambukizwa, miti mingi ya porini ilikatwa bure, hata biashara ya miti yote ya jamii ya Aquilaria ikawekwa tangu 2005 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Manukato mengi ya kisasa, hasa yaliyofuata njia iliyofunguliwa na M7, manukato ya kampuni ya Kifaransa ya Yves Saint Laurent, mwaka 2002, huiga harufu hiyo kwa kemikali za maabara, kisha huilainisha kwa waridi au zafarani, na kuupoteza ule ukali unaokaribia harufu ya zizi (ambao mimi, kusema kweli, ndio niupendao). Bei ndogo ni dalili tosha ya uigaji huo. Yapulize tu nguoni, lakini mbali na chetezo chenye makaa, kwa sababu alkoholi iliyomo hushika moto.